Onyo Bila Pa Kukimbilia



Ndugu zangu wanafunzi, wahariri wa jarida hili waliniomba niandike kuhusu kazi yangu, kwa sababu wengi wenu mnakaribia kumaliza masomo hapa Nakawa na mnajiuliza mtaelekea wapi. Mimi nami nilisoma hapa, nikitembea njia hizi mnazotembea kati ya madarasa, soko na barabara ya Jinja. Leo ni afisa mwandamizi wa maafa katika serikali ya mtaa. Ningeweza kuwaandikia kuhusu usaili, ngazi na mshahara, lakini hayo mtayapata kwa wengine. Nimechagua kuwaletea swali ambalo kazi hii huniuliza kila msimu wa mvua, maana naona linamhusu kila Muislamu atakayepewa dhamana ya watu.

Swali ni hili: mtu aliyeajiriwa aijue hatari kabla ya wenzake, akaijua, akawaambia, wasiondoke, kisha hatari ikawakuta, je, amana yake ameitimiza?

Wengi hujibu papo hapo kuwa ameitimiza. Mjumbe hauawi, husema, na aliyeonya amemaliza. Mimi nadhani jibu hilo ni la haraka mno, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Kazi yenyewe

Watu wakisikia "afisa wa maafa" hufikiria boti, mahema na kofia za chuma. Hayo yapo, lakini ni ya siku chache katika mwaka. Siku nyingine zote kazi ni karatasi na miguu: kukagua mitaro, kuorodhesha shule ambazo paa zake ni imara, kuhakikisha namba ya simu ya kila mwenyekiti wa LC1 bado inapatikana, kuandika makisio ya fedha. Sera ya taifa kuhusu maafa, ya mwaka 2010, imeliweka jukumu hili chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na inataka kila wilaya iwe na kamati zake. Mezani huketi watu wa afya, maji, ujenzi na kilimo, polisi, na ndugu zetu wa Msalaba Mwekundu. Afisa wa maafa mara nyingi hana gari lake, hana askari wala dawa. Alicho nacho ni haki ya kuwaita wenye vitu hivyo na kuwauliza: mvua ikinyesha usiku wa leo, nani anakwenda wapi?

Ni kazi inayopima nia ya mtu. Ukifaulu, hakuna kinachoonekana. Mtaro uliozibuliwa Februari, ukatolewa kaveera na magodoro mabovu, haupigiwi makofi Aprili maji yanapopita kimyakimya. Ukifika wakati wa kupanga fedha za mwaka unaoanza Julai, utaulizwa: fungu hili la maafa ni la nini, mbona mwaka jana hakufa mtu? Anayetaka kusifiwa atachoka mapema. Anayefanya kwa ajili ya Mola wake anajua kuna Anayeuona mtaro ule.

Neno "kadari" kinywani mwa nani?

Baada ya kila janga kuna neno tunalolisema sote: ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Ni neno la kweli. Mama aliyempoteza mtoto akilisema, linamshikilia asianguke, na hakuna mwenye haki ya kumnyang'anya. Tatizo ni pale linaposemwa na mtu aliyelipwa ili ajitayarishe. Kinywani mwake linageuka kuwa pazia.

Mwaka wa 18 Hijria, Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa njiani kuelekea Sham. Alipofika Sargh akapewa habari kwamba tauni imeingia huko. Akashauriana na Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Makuraishi, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.), mtu aliyempenda, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwa maana kwamba anatoka kwenye kadari moja kwenda kwenye kadari nyingine ya Mungu huyo huyo, na akampigia mfano wa mchungaji wa ngamia mbele ya bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapochunga, atakuwa amechunga kwa kadari. Kisha Abdurrahman bin Awf (r.a.) akaja na hadithi aliyoisikia kwa Mtume (s.a.w.) kuhusu kutoingia nchi yenye tauni na kutoikimbia ukiwa ndani yake, na Umar akamshukuru Mungu.

Kisa hiki husomwa sana, lakini mara nyingi huishia hapo. Wanahistoria wameendelea kusimulia kwamba Umar hakuridhika kurudi Madina salama. Abu Ubayda na majeshi walikuwa wamebaki kule. Umar akamwandikia awatoe watu katika ardhi ya chini yenye unyevu, awapeleke mahali palipoinuka penye hewa safi. Abu Ubayda mwenyewe alikufa kwa tauni ile pamoja na wengi wa askari wake, Mungu awarehemu. Tazameni alichofanya Khalifa: hakuona kwamba kuijua hadithi na kuitangaza kumemaliza jambo. Aliwatafutia watu mahali pa kwenda, akapataja.

Afisa wa maafa aliyefungwa

Katika Qur'ani tunaye mtumishi wa serikali aliyefanya kazi yangu kabla haijapewa jina, naye ni Nabii Yusuf (a.s.). Mnakijua kisa: mfalme wa Misri aliota ng'ombe saba walionona wakiliwa na saba waliokonda, na mashuke saba mabichi na mengine makavu. Wakuu wa baraza wakasema hizo ni ndoto za ovyo. Aliyejua maana yake alikuwa gerezani, amefungwa kwa dhulma.

Naona mambo matatu katika kisa hiki. La kwanza, Yusuf hakuliuza onyo. Alikuwa na kila sababu ya kusema nifungueni kwanza, nami nitawaambia. Hakusema hivyo. Habari ya njaa ni haki ya wenye kuikabili njaa, na mwenye kuijua hana ruhusa ya kuifanya mtaji.

La pili, hakutoa tafsiri peke yake. Aliulizwa maana ya ndoto, yeye akajibu kwa mpango: limeni miaka saba, mavuno yaacheni katika mashuke yake, kuleni kidogo, wekeni akiba ya ile miaka migumu. Onyo na njia ya kutokea vilitoka kinywani mwake pamoja. Fikirini kama angesema tu kwamba inakuja miaka saba ya njaa, akanyamaza. Angekuwa amesema kweli, na Misri ingekufa njaa ikiwa na habari kamili.

La tatu, alipotolewa aliomba mwenyewe awekwe juu ya maghala, akataja sifa mbili: kuhifadhi na kujua. Hapa wanafunzi huniuliza, je, Mtume (s.a.w.) hakumkataza Abdurrahman bin Samura (r.a.) kuomba uongozi? Na hakumwambia Abu Dharr (r.a.) kwamba uongozi ni amana, na siku ya Kiyama ni hizaya na majuto, isipokuwa kwa aliyeuchukua kwa haki yake akatimiza wajibu wake? Wanazuoni wamezioanisha habari hizi kwa namna mbalimbali, na wengi husema Yusuf aliomba kwa kuwa watu wangeangamia na hakuwepo mwingine wa kuitekeleza kazi ile. Ninachokiona mimi ni kwamba aliyekuja na mpango alikuwa tayari kuubeba, asiuache mezani akaenda zake.

Onyo, njia, na bega la kubebea: kwa mizani hiyo ya Yusuf naomba tupime majanga yetu.

Jahazi letu

Mtume (s.a.w.) alipiga mfano ambao Bukhari ameupokea kutoka kwa Nu'man bin Bashir (r.a.). Watu walipigiana kura katika jahazi, wengine wakapata juu, wengine chini. Wa chini walipotaka maji iliwabidi wapande wapite kwa wa juu. Wakaona wanawaudhi, wakasema afadhali watoboe tundu katika sehemu yao wapate maji humo humo. Wa juu wakiwaacha, wote wataangamia. Wakiwashika mikono, wote wataokoka.

Tumezoea kuusoma mfano huu kwa kuwaangalia wenye shoka. Lakini kwa nini walitaka kutoboa? Walikuwa na kiu. Haja yao ilikuwa ya halali, na njia ya kuifikia ilipita kwenye kero za waliokaa juu. Kuwashika mikono ni wajibu, hadithi imesema. Ila ukiwashika mikono na kiu ukaiacha pale pale, watatoboa usiku ukiwa umelala.

Tazameni hapa petu. Tokeni chuoni muielekee Kinawataka, ardhioevu inayoshuka katika tarafa yetu ya Nakawa na kupeleka maji yake Ziwa Viktoria, katika Ghuba ya Murchison. Mafunjo yale ndiyo sifongo ya mji. Yanashika maji ya mvua yasije kwa kishindo, na yanachuja uchafu kabla haujafika katika ziwa tunalolinywa. Kila lori la kifusi linalomwagwa pale ni tundu katika jahazi. Walioijaza si maskini peke yao. Viwanda na maghala navyo vimo. Lakini siku ya kubomoa, linalovunjwa mapema ni banda la anayeuza mkaa, kwa sababu yeye hana wakili.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kuwapa onyo wakazi wa bonde moja pembezoni mwa mji. Mvua ndefu zilikuwa zinakaribia, na vipimo vilikuwa wazi. Mzee mmoja aliisoma barua yote polepole, akavua miwani. "Mwanangu," akaniambia, "haya maji nayajua kuliko wewe. Yameniingilia ndani mara nne. Barua inasema niondoke, haisemi niende wapi. Wewe unaniambia niende wapi?" Nikamwambia, "Mzee wangu, hilo ndilo ninalokwenda kulitafuta." Ofisini, mwenzangu mmoja alinishangaa. Kwake yeye jambo lilikuwa limekwisha: barua imetoka, ina saini, nakala iko kwenye faili, mikono yetu ni safi.

Mikono safi! Tangu siku ile neno hilo limenikaa moyoni. Barua ile ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya nani? Kama ilikuwa ya mzee, ilipungukiwa na sentensi moja, ile aliyoihitaji kuliko zote. Kama ilikuwa ya tume ya uchunguzi itakayokuja baada ya mafuriko, basi haikupungukiwa na kitu. Kuna maonyo yanayotolewa ili watu waokoke, na kuna maonyo yanayotolewa ili mtoaji aokoke. Karatasi ni ile ile. Mwenyezi Mungu anajua tofauti, na mara nyingi yule mzee naye anaijua.

Kiteezi

Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa takataka wa Kiteezi katika wilaya ya Wakiso uliporomoka ukafukia nyumba na waliokuwamo. Maiti zaidi ya 30 zilifukuliwa, na baadhi ya jamaa hawakupata hata mwili wa kuuswalia. Dampo lile lilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya taka za Kampala. Lilikuwa limejaa kupita kiasi miaka mingi kabla ya siku ile, na jambo hilo halikuwa siri; ardhi nyingine kwa ajili ya taka ilikuwa imeshanunuliwa Ddundu, wilaya ya Mukono, bado haijaanza kutumika. Septemba mwaka huo Rais aliwaondoa viongozi watatu wa juu wa KCCA, na Oktoba wakafikishwa mahakamani. Hukumu yao ni ya mahakama, mimi siigusi.

Ninachotaka kusema kinatuhusu sisi. Nakawa ni moja ya tarafa tano za Kampala. Maganda ya matoke ya soko letu na mifuko ya hosteli zetu ilikuwa ikielekea Kiteezi. Kwa lugha ya hadithi, sisi tulikuwa juu na wao chini. Na wengi walioishi pembeni ya mlima ule hawakuwa wajinga wa hatari. Walikuwa wakiokota plastiki na vyuma, wakiuza kwa kilo, wakilipa karo. Hatari ndiyo iliyokuwa chakula chao. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "ondoka", umemtaka achague kati ya kifo cha labda na njaa ya hakika.

Je, inafaa kumtoa mtu kwa nguvu?

Hapa ndipo pagumu, na nisingependa kuparahisisha. Wapo wanaosema kama mtu mzima amekwisha kuonywa akakataa, ni juu yake. Wengine wanasema mamlaka ivunje nyumba, kwani uhai ni katika mambo matano ambayo sharia imekuja kuyalinda, na nyumba itajengwa nyingine.

Katika fiqhi tunafundishwa kwamba madhara mahususi huvumiliwa ili kuzuia madhara ya wote. Hiyo inampa afisa hoja ya kuzuia ujazaji wa ardhioevu, kwa sababu nyumba ya mmoja inaweza kuyageuza maji yakawaue majirani kumi. Lakini wanazuoni hao hao wanatufundisha kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara yaliyo sawa nayo. Mama mwenye watoto watatu ukimtoa bondeni ukamwacha kando ya barabara usiku wa mvua, umeyahamisha madhara kutoka kwenye takwimu za mafuriko ukayapeleka kwenye takwimu za nimonia. Ripoti yako itakuwa nzuri na mtoto atakufa vilevile.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: haki ya kumlazimisha mtu aondoke hukua kadiri unavyomwandalia pa kwenda. Uliyemwandalia mahali pa haki unaweza kumshika mkono kwa nguvu siku ya hatari, hata akikulaani. Usiyemwandalia kitu, nguvu yako juu yake imekaribia dhulma, hata kama vipimo vyako vya mvua ni sahihi.

Kuna ushahidi. Tarehe 1 Machi 2010, kule Bududa, mteremko wa Mlima Elgon uliporomoka ukakifukia kijiji cha Nametsi, mamia wakafa au wasionekane tena. Serikali iliwahamishia baadhi ya familia Kiryandongo, mbali sana, nchi tambarare yenye joto. Baadhi yao walirudi mlimani. Ukiwasikiliza, wana akili timamu: udongo wa volkano ni mzuri, kahawa imekwisha kukomaa, makaburi ya wazee yako pale. Mwaka 2018 Bududa ikapigwa tena, zaidi ya watu 40 wakafa. Mwaka uliofuata serikali ikaanza kuwahamishia wengine Bunambutye, wilaya ya Bulambuli, karibu zaidi na kwao. Mahali pa kwenda si hema na bamba la bati tu. Panahitaji riziki, shule na majirani. Pasipokuwa na hivyo, miguu itarudi ilikozoea.

Na tuwaangalie ndugu zetu wa Bangladesh. Novemba 1970 kimbunga kilichoitwa Bhola kiliua watu wanaokadiriwa kuwa 300,000 au zaidi. Redio ilikuwa imetangaza na wengi walikuwa wamesikia, ila nchi ni tambarare na hakukuwa na jengo la kukimbilia. Mwaka 1972 ukaanzishwa mpango wa kujitolea pamoja na Hilali Nyekundu, vijana wa vijijini wakipita na vipaza sauti, na taratibu majengo ya saruji yakasimamishwa juu ya nguzo. Kazi haikuwa ya siku moja. Kimbunga cha 1991 bado kiliua zaidi ya 100,000. Lakini kimbunga Sidr, Novemba 2007, nacho kikali sana, kiliua wapatao 3,400. Ilionekana kuwa wanawake walisita kwenda kwa kukosa stara, na wafugaji walisita kuwaacha ng'ombe. Basi majengo yakatengewa vyumba vya wanawake, na vilima vya udongo vikainuliwa kwa ajili ya mifugo. Hawakuwahubiria watu waache stara yao na mali yao. Waliiuliza kiu inatoka wapi, wakaleta maji.

Pingamizi

Najua mtakachoniambia. Afisa wa serikali ya mtaa hawezi kununua ardhi. Hana fedha za nguzo za saruji. Akisubiri mpaka nyumba za kuwahamishia watu zipatikane ndipo aonye, watakufa wakimsubiri. Na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake.

Pingamizi hili ni la kweli, na ndiyo maana sijasema onyo lisubiri. Onyo halisubiri chochote, kama Yusuf hakusubiri kufunguliwa. Ila uwezo una tabia ya ajabu: wakati wa kulaumiwa huonekana mdogo kuliko ulivyo. Ardhi siwezi kununua, sawa. Lakini naweza kumwomba mwalimu mkuu funguo za madarasa mawili kwa usiku wa mvua. Naweza kukubaliana na vijana wa bodaboda wa stendi ya jirani nani atambeba bibi asiyeweza kutembea. Naweza kumwomba imamu msikiti uwe wazi na kipaza sauti kitumike, na mchungaji vivyo hivyo kwa kanisa lake. Naweza kuwafundisha watu waweke vyeti vya shule na hati ya kibanja katika mfuko mmoja usioingia maji karibu na mlango. Na naweza kuandika katika makisio ya fedha, mwaka baada ya mwaka, kwa jina langu, gharama ya mahali pa kudumu, likifutwa nilirudishe, mpaka anayelifuta alifute akijua anachokifuta.

Hayo yote hayaondoi janga. Lakini yanaibadilisha barua. Sasa ina ile sentensi: ukisikia filimbi, nenda shule ya fulani, darasa la pili, fulani atakuwa na funguo. Mzee wa bondeni alipata sentensi hiyo kabla ya mvua za mwaka ule. Hakuhama moja kwa moja, na sikumlaumu. Lakini usiku maji yalipopanda alijua njia, akawaongoza wenzake kuliko ambavyo mimi ningeweza.

Na afisa aliyefanya yote yaliyo katika uwezo wake, kisha watu wakafa? Huyo sasa anaweza kusema ni kadari, akiwa amesimama na waliofiwa, na neno hilo litakuwa ibada kinywani mwake. Atalia kama wanavyolia. Hatahitaji kulitafuta faili.

Kwenu mnaomaliza

Huenda unasoma uhasibu, ununuzi au usimamizi wa rasilimali watu, ukadhani haya ni ya wahandisi na madaktari. Sivyo. Watu wengi huokolewa au kupotezwa na mhasibu aliyelipitisha au kulizuia fungu la mitaro, na ofisa ununuzi aliyekubali saruji hafifu kwa bahasha. Msije mkamwachia mwenye kofia ya chuma amana ambayo nusu yake imo katika kalamu zenu.

Nanyi mlio bado hapa chuoni, mna jambo la kufanya kabla ya mvua za Machi. Umoja wenu una vijana wenye nguvu, na bonde liko hatua chache. Nendeni kwa mwenyekiti wa LC1, mumuulize ni nyumba ngapi zina mtu asiyeweza kukimbia, na funguo za shule anazo nani. Mkiona hakuna anayejua, mmepata kazi.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliofukiwa Kiteezi na Bududa, awape subira waliobaki, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaozitimiza amana zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.